Kutoa Msaada Usioishia Stoo: Mwongozo kwa Mtu Mmoja, Familia na Biashara

Ijumaa moja kabla ya Idi tulijaza gari: katoni za sabuni, biskuti, sukari kilo hamsini, na doti ya kanga ya mama mlezi. Kituo tulichokwenda kina watoto thelathini na kitu. Tulipokelewa kwa nyimbo, tukaomba dua, tukapiga picha. Wakati wa kushusha mzigo nikaingia stoo. Sabuni zilikuwa zimepangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, na katoni za chini panya walishazitafuna pembe. Nikamvuta mama mlezi kando.

"Shikamoo tena mama. Hivi hapa kinachopungua hasa ni nini?"

Akacheka kidogo. "Marahaba mwanangu. Umeme umekata tangu jana usiku. Na kuna mtoto ana kliniki Jumatatu, nauli yake sijaipata."

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu ishirini na nauli ya kwenda na kurudi. Sisi tulikuwa tumeteketeza zaidi ya laki tano kwa vitu ambavyo stoo ile haikuwa na pa kuviweka. Haya ninayoyaandika ni utaratibu niliojifunza baada ya siku hiyo. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania Bara ninakoishi. Aliye Zanzibar au Kenya atakuta ofisi na sheria zina majina mengine, ila njia ni hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: tenga fungu kabla hujaombwa

Wengi wetu tunatoa kwa kushtukizwa. Ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp, mgonjwa yuko kitandani, roho inauma, unatuma elfu kumi. Mwezi ukiisha hujui umetoa kiasi gani wala kimekwenda wapi. Anza na kiasi.

Kwa Mwislamu mwenye akiba hesabu imeshawekwa. Mali ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka mzima wa Kiislamu, zaka yake ni asilimia 2.5. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na wapo wanazuoni wanaotumia gramu 595 za fedha, kiwango kinachofikiwa na watu wengi zaidi. Muulize sonara bei ya gramu siku unayopiga hesabu, usitumie bei ya mwaka jana. Mwenye akiba ya shilingi 40,000,000 iliyotimiza masharti anatoa 1,000,000. Anayestahili kupewa ametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, makundi manane, kwa hiyo zaka huwezi kuipeleka popote moyo unapopenda. Sadaka ya kawaida ndiyo ina uhuru huo. Zakatul-fitri ni hesabu nyingine: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, yaani vibaba vinne, takriban kilo mbili na nusu, na imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idi.

Mkristo anayetoa fungu la kumi kanisani anajua hesabu yake. Akitaka kusaidia nje ya kanisa, atenge fungu la pili, hata dogo.

Asiyefuata utaratibu wowote kati ya hiyo achague asilimia anayoweza kuitoa mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Mimi nilianza na mbili. Fungu hilo liondoe siku mshahara unapoingia, ulihamishie kwenye laini nyingine ya simu au akaunti usiyoigusa. Likibaki pamoja na pesa ya matumizi, litaliwa na gesi na vocha.

Hatua ya pili: chagua jambo moja, mawili yakizidi

Watoto, wagonjwa, elimu, wazee, maji, wanyama; vyote vinahitaji. Ukigawa elfu hamsini mara kumi unapata shukrani kumi na badiliko lisiloonekana popote. Chagua lile unalolijua kwa karibu. Aliyeuguza mzazi wake wodini miezi mitatu anajua ndugu wa mgonjwa wanalala wapi na wanakula nini, na ujuzi huo una thamani kuliko pesa yake. Acha theluthi ya fungu kwa dharura za ndugu na majirani, maana hizo hazikwepeki, na wala si vibaya: jamaa yako mwenye shida ana haki ya kwanza.

Hatua ya tatu: piga simu, uliza

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Kabla ya kununua hata pipi, mpigie msimamizi wa mahali unapotaka kwenda. Usimwulize "Mnahitaji nini?" Jibu litakuwa "Chochote mwanangu, Mungu akubariki," kwa sababu amefundishwa na maisha kutochagua. Uliza hivi:

- Mwezi uliopita mlilipia nini kwa shida?
- Kitu gani mnacho kingi hadi kinaharibika?
- Nani hajalipwa? (Mara nyingi ni mpishi, mlinzi au mlezi wa usiku.)
- Miezi ipi mgeni haonekani?

Swali la mwisho lina jibu linalofanana karibu kila unapouliza. Ramadhani, Pasaka na Krismasi magari yanapishana getini. Januari, watoto wanaporudi shule na mahitaji yamepanda, getini kimya. Msaada uleule ukiusogeza wiki nne mbele unageuka kitu kingine kabisa.

Vitu visivyopendeza kwenye picha ndivyo vinavyokosa mfadhili: umeme, maji, mafuta ya jenereta, mshahara wa mlezi, gesi ya jikoni, kunyonya choo kilichojaa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam iliwahi kuonyesha jambo hili vizuri. Matibabu ya fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi, yalikuwa bure, lakini wanawake wa mikoani walikuwa wanashindwa kufika kwa kukosa nauli. Mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa watu wanaowatambua na kuwasafirisha wagonjwa.

Na kitu kizuri kinaweza kukosa mlengwa. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990 shule kadhaa za msingi zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti, akiwamo Michael Kremer aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakapima matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wanaongoza darasa tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Walikuwa wanavipindua kurasa tu.

Hatua ya nne: hakiki, bila kuona haya

Kuuliza karatasi si kumtuhumu mtu. Aliye sawa anakuletea faili mwenyewe.

Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa kwa Sheria ya mwaka 2002, chini ya Msajili aliyeko wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Jumuiya, vikundi na taasisi nyingi za dini zinasajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi za wadhamini zinasajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Uliza cheti, angalia jina, kisha linganisha jina hilo na la akaunti ya benki. Cheti kinasema shirika fulani, akaunti inasema jina la mwenyekiti? Simama hapo.

Kituo cha watoto kinahitaji zaidi ya cheti. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 makao ya watoto lazima yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Njia fupi ya kuhakiki ni kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri husika na kuuliza, "Hiki kituo mnakifahamu?" Ofisa atakwambia kwa mdomo au kwa uso wake. Kuna sababu nzito ya kuuliza: watoto wengi vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai, na mtu asiye mwema anaweza kukusanya watoto kwa sababu watoto huvuta wafadhili. Wakati mwingine msaada bora kwa mtoto ni kumwezesha bibi yake kijijini aishi naye.

Michango ya wagonjwa mitandaoni inahitaji jicho lake. Picha ya mtu mwenye mirija haithibitishi kitu. Huzungushwa miaka na miaka ikibadilishwa jina na namba ya simu tu. Hospitali kubwa ya umma ina ofisa ustawi wa jamii anayejua wagonjwa wasioweza kulipa. Mwulize kama mgonjwa yupo na bili imefika ngapi. Kisha omba namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu wote wanaiita "kontroo namba", ulipie bili moja kwa moja kutoka kwenye simu yako. Pesa inaingia hospitali, risiti inabaki kwako, na hakuna mjomba wa kati. Ukitaka kusaidia bila kumjua mgonjwa yeyote, ofisa huyohuyo atakuonyesha mama aliyeruhusiwa kutoka wodini na bado yuko kwenye benchi, akisubiri ndugu wakamilishe bili.

Hatua ya tano: chagua namna ya kutoa

*Pesa taslimu.* Tuna hofu kwamba masikini akipewa pesa atainywa. Hofu hiyo imepimwa. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa familia pesa bila sharti, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakachapisha matokeo mwaka 2016: matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, vilivyoongezeka ni chakula, mifugo na nyumba za bati. Mtu mzima mwenye akili zake anajua shida yake kuliko wewe. Ukimtumia kwa simu, tafadhali tuma na ya kutolea. Elfu ishirini inayokatwa njiani ni dharau ndogo.

*Vitu.* Nunua karibu na wanapoishi. Utaokoa usafiri na duka la pale litapata chochote. Nguo za mitumba zifue, zipige pasi, toa zenye zipu mbovu. Kanuni yangu: kama nisingempa mdogo wangu avae Jumapili, siitoi. Dawa zilizobaki nyumbani usipeleke popote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, ulioanza mwaka 1996, unataka dawa ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini, na hauruhusu zile zilizokwisha kupewa mgonjwa zikarudishwa.

Chakula cha sherehe nacho kina adabu yake. Pilau iliyokaa ukumbini tangu saa mbili usiku, ukaipeleka kituoni saa saba, umepeleka kuharisha. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya muda wa saa mbili bila moto wala friji. Ongea na mpishi mapema, atenge sufuria moja kabla ya watu kuanza kujipakulia, ipelekwe ya moto jioni ileile.

*Damu.* Hapa asiye na senti anamzidi tajiri. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokea mtu mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kula kwanza, kunywa maji mengi. Watakutoboa kidole kupima wingi wa damu, watakuuliza maswali ya siri ambayo unatakiwa ujibu ukweli, kisha kulala kwenye kiti ni kama dakika kumi hivi. Utapewa soda na biskuti. Kaa uzimalize, usijifanye jasiri. Chupa hiyo haikai miezi, chembe nyekundu zina wiki tano hadi sita tu, ndiyo maana kuchangia mara moja tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu, hakutoshi. Shule zikifungwa, benki za damu hupungukiwa, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa. Nenda Desemba.

*Ujuzi.* Mhasibu akikaa Jumamosi mbili na shirika dogo na kuwanyooshea vitabu, ametoa zaidi ya katoni mia za sabuni. Fundi umeme, mwanasheria, daktari wa meno, vivyo hivyo. Ila ahidi siku unazoweza kutimiza. Mtoto aliyeambiwa "nitarudi Jumamosi kukufundisha hesabu" anahesabu Jumamosi zote.

Kwa familia: tumieni kamati ya harusi

Sisi ni mabingwa wa kuchanga, hatujui tu. Angalia harusi. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi, daftari la ahadi, na shangazi mmoja anayefuatilia wadaiwa bila huruma. Milioni ishirini zinapatikana kwa miezi mitatu, zinaliwa kwa usiku mmoja. Chukueni mtambo huohuo.

Mfano wa familia ya watu wazima kumi: kila mmoja elfu kumi kwa mwezi, laki moja. Mweka hazina awe mmoja, mwenye kuidhinisha awe mwingine, na taarifa iwekwe kwenye kundi la familia kila tarehe tano, hata kama hakuna kilichotoka. Mkubali mapema mambo mawili yanayovunja mifuko mingi ya ukoo: nani anastahili kusaidiwa, na je, ni msaada au mkopo? Mkiuita mkopo, andikeni. Mkiuita msaada, msiukumbushie kwenye misiba.

Watoto waingizwe kwa kazi, si kwa mahubiri. Mpe kibubu, mwache achague mwenyewe, kisha aende akalipie kwa mkono wake. Binti yangu alichagua kununulia taulo za kike chumba cha wasichana shuleni kwao. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 iliondoa ada, lakini sare, madaftari na mahitaji ya namna hiyo yalibaki kwa mzazi. Mimi nisingeliwaza.

Kuna pia kutoa baada ya kufa. Katika sharia ya Kiislamu wosia kwa wasio warithi hauvuki theluthi ya mali. Wakfu unaenda mbali zaidi: nyumba au shamba linafungwa, haliuzwi wala halirithiwi, na mapato yake yanaendelea kuhudumia msikiti, madrasa au masikini. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali hizo. Kwa wosia wa kawaida, RITA wanasaidia kuandika na kutunza. Usiuache ndani ya Biblia au Msahafu kabatini, maana hilo ndilo kabati la kwanza kufunguliwa msibani.

Kwa wenye biashara

Duka dogo linalolipa kodi kwa makadirio ya mauzo halipati nafuu ya kodi kwa kutoa, kwa sababu gharama hazihesabiwi. Toa kwa nia yako, andika kwenye daftari, basi.

Kampuni na wafanyabiashara wanaoandaa hesabu wana kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii unaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Biashara yenye mapato ya 60,000,000 baada ya gharama inaweza kupunguza hadi 1,200,000. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30 hiyo ni nafuu ya 360,000. Ukitoa milioni tano, zilizobaki ni mapenzi yako. Michango inayotolewa kupitia Mfuko wa Elimu, chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ina kifungu chake. Sharti ambalo wengi hulisahau: taasisi unayoipa iwe inatambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kama ya hisani. Cheti cha usajili peke yake hakitoshi. Omba nakala ya barua ya TRA kabla ya kulipa, kisha tunza barua ya maombi, hati ya malipo ya benki na stakabadhi. Mwulize mhasibu wako kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, siyo mkaguzi akiwa mlangoni.

Ukitaka kusaidia shule ya serikali, angalia maboma. Wananchi wamefyatua matofali, wamepandisha kuta hadi usawa wa lenta, nguvu zimeisha. Nyasi zinaota darasani. Kumalizia boma ni nafuu kuliko kuanza jengo, na wanakijiji watalilinda kwa kuwa jasho lao limo. Pitia kwa mwalimu mkuu, kamati ya shule na mtendaji wa kata, na mhandisi wa halmashauri akague kuta kabla hujanunua bati hata moja. Peleka bati, mbao na misumari kwa hati ya makabidhiano iliyosainiwa, ikitaja idadi na geji. Na ulizia vyoo. Kila mtu anataka jina lake kwenye darasa. Sijaona bado anayegombea tundu la choo.

Wafanyakazi wako nao wanaweza kukatwa kiasi kidogo kwenye mshahara, kampuni ikaongeza kiasi kilekile. Iwe kwa hiari ya maandishi. Mchango wa lazima ni tozo.

Halafu picha. Bango la hundi lenye urefu wa meza, na mtoto kaishika akiwa hajui inasema nini. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa binafsi. Kwa mtoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mlezi anayesubiri mchele wako hawezi kusema hapana. Piga picha ya bati.

Hatua ya mwisho: rudi

Baada ya wiki sita, piga simu tena. Usiende kukagua, waulize kilichofanya kazi na kilichokwama. Ukikuta pesa imetumika tofauti, sikiliza kwanza: tangi la maji lilipasuka, wakanunua tangi badala ya magodoro, na wewe ungefanya hivyohivyo. Ukikuta majibu yanazunguka, hamishia fungu lako kwingine bila ugomvi.

Kituo kile cha sabuni tunakwenda bado. Kila tarehe mbili mama mlezi ananitumia namba ya mita, nami nanunua umeme kwenye simu na kumrushia tarakimu ishirini za tokeni. Huwa anajibu neno moja tu: "Umewaka." Mwezi uliopita aliongeza sentensi: niwaambie na wenzangu wa kanisani, sabuni zimekwisha.